Kabla hamjajaza viriba: ya moning glori nyekundu

Wadogo zangu wa vitaluni, juzi nimepita vitalu vya pembeni mwa barabara hapa Arusha nikamkuta kijana anamwagia mbolea ya yurea viriba (vifuko vya miche) vya moning glori, lile ua linalotambaa, eti "haitoi maua". Majani yalikuwa mapana, yamesongamana, na ua hata moja halikuwepo. Wiki moja kabla nilikuta jambo lile lile kitalu kingine. Nawapenda, lakini haya yananichosha, kwa hiyo leo nayaandika.

1. Mbolea. Mmea huu ni ndugu wa kiazi kitamu, wote ni wa ukoo mmoja uitwao Ipomoea. Ukiulisha nitrojeni nyingi, ile iliyojaa kwenye yurea, utakupa matembele tu. Weka samadi iliyoiva wakati wa kupanda, upe jua la kutosha, halafu uuache.

2. Mbegu za zile za bluu zina ganda gumu. Zikwaruze kidogo kwa msasa, zilowekwe usiku kucha, kila moja ipandwe kwenye kiriba chake, maana mizizi yake haipendi kuhamishwahamishwa. Na mbegu hizo zina sumu, msiziache zikizagaa watoto wanapocheza.

3. Nyekundu. Hapa tukae kidogo.

Nyekundu ninayoisema ni Ipomoea horsfalliae, asili yake visiwa vya Karibi. Ua lake ni jekundu lililokolea, linang'aa kama limepakwa nta, na jani lake limegawanyika kama vidole vitano. Ni nadra kutoa mbegu, na pingili zake ni ngumu kushika mizizi. Mimi nilikata pingili arobaini katikati ya masika, ncha changa zote, nikazimwagilia asubuhi na jioni wakati mvua nayo inanyesha. Zilioza zote. Na tayari nilikuwa nimepokea malipo ya awali ya mama mmoja wa Kibosho, kule Kilimanjaro, aliyetaka miche kumi na miwili ya kufunika uzio wake.

Nikiwa katika wasiwasi huo, nikaona kwenye senyenge ya jirani mmea unaotambaa, jani lina vidole vitano. Haukuwa na ua siku hiyo. Sikumuuliza mtu. Nilikata pingili, nikajaza viriba, na baada ya siku chache tu zikashika zote. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka: mmea uliokataa mara arobaini utakubalije ghafla bila hata moja kufa? Sikutaka kujiuliza, kwa sababu nilikuwa nahitaji pesa ile. Nikampelekea mama miche yake, nikapokea iliyobaki, nikaondoka.

Baada ya miezi kadhaa akanipigia simu nipite kwake. Nilipofika nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa upole, akanishika mkono mpaka kwenye uzio. Maua yalikuwa ya zambarau iliyopauka. Ilikuwa Ipomoea cairica, ile inayojiotea yenyewe kwenye vichaka vyetu. Ilikuwa imeruka uzio na kupanda kwenye mibuni aliyoiacha marehemu mumewe, mingine haionekani kabisa. Akaniuliza, "Mwanangu, hili ndilo lile ua jekundu?" Hakuongeza neno.

Nilimrudishia pesa yote, nikatumia Jumamosi nne kung'oa. Kila kipande cha shina kilichobaki udongoni kilichipua tena. Mibuni miwili haikupona. Sijawahi kumweleza kwamba nilikuwa na shaka tangu mwanzo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko ile mibuni.

Kwa hiyo shikeni tofauti. Jani la cairica ni jembamba na laini, na mara nyingi kwenye kikwapa chake, pale linapoungana na shina, kuna vijani vidogo viwili vitatu. Jani la horsfalliae ni nene, la kijani kilichoiva, linateleza kama limepakwa mafuta. Msipoona ua, msiuze.

4. Kuzalisha nyekundu: lazeni tawi. Chagueni lililokomaa lakini bado linapinda, kwaruzeni gome chini ya kifundo, kifukieni kwenye kiriba chenye mchanga na samadi, kibaneni kwa waya. Kata tawi kutoka kwenye mmea mama pale tu unapoona chipukizi jipya na ukilivuta kidogo likakataa. Anza masika yanapoingia, kwa sababu hapa Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, baridi ya Juni na Julai hulidumaza.

5. Ile ya bluu inayotambaa miaka yote, Ipomoea indica, msimpelekee mtu mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Inapanda migomba.

Mama wa Kibosho sasa ana mche mmoja wa nyekundu wa kweli, niliulaza mwenyewe nikampelekea bila malipo. Umefika juu ya kibaraza chake. Na nyie wawili mliobeba pingili kutoka ukuta wa jirani jana jioni, nimewaona. Kaangalieni vikwapa vya majani kabla hamjaandika bei.