Jibu: semina ya walimu wa Kingereza kufundisha lugha kupitia baiolojia

Mwalimu, umeuliza semina ya walimu wa Kingereza wa sekondari uianzie wapi ili wafundishe lugha kupitia masomo mengine. Mi ningeanza na kitabu cha baiolojia chenyewe, nadharia baadae. Watoto wetu wa Tanzania wametoka miaka 7 ya kusoma kwa Kiswahili shule ya msingi, sekondari wanakuta masomo kwa Kingereza, na ile kozi ya Kingereza ya wiki chache mwanzo wa kidato cha kwanza haitoshi kabisa.

Chukua aya moja ya usanisinuru (jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga), wakae wawili wawili, wa Kingereza na wa baiolojia, wapigie mstari kila kinachoweza kumkwamisha mtoto. Wataona istilahi sio shida pekee, kuna "is absorbed", "is converted into", yaani kauli ya kutendwa inajirudia mstari kwa mstari, basi hiyo ndo mada ya Kingereza ya wiki hiyo. Darasani wanafunzi wajadili mchoro wa jani kwa Kiswahili kwanza, wakishaelewa ndo waandike Kingereza huku maneno ya kuanzia sentensi yako ubaoni. Tafadhali usiruhusu mtu aadhibiwe kwa kuongea Kiswahili hapo.

Mwalimu wa Kingereza ataogopa kuulizwa sayansi, ana haki, ndo maana nasisitiza wawe wawili. Na usahihishaji wakubaliane mapema, wa baiolojia atoe maksi za wazo hata s ya kitenzi ikisahaulika, lugha amwachie mwenzake.

Halafu wakajaribu shuleni kwao na warudi na madaftari ya wanafunzi, mkae nayo mezani. Semina za siku moja zisizo na marudio zinaniuma sana.