Uliza Safari: Siku Kumi, Motohomu Moja, na Mama Kutoka Tanga

*Dada, shikamoo na hongera kwa kazi. Mimi naishi Leicester na mke wangu na watoto watatu, mkubwa ana miaka 13 na mdogo 7. Mama yangu anakuja kutoka Tanga mwezi wa nane, visa imeshatoka alhamdulillah, na hajawahi kufika huku. Tumeamua tukodi motohomu, lile gari lenye vitanda na jiko ndani, siku 10 tumzungushe. Mpango wetu ni Stonehenge, Cornwall mpaka Land's End, Wales kwenye milima, Lake District, Glencoe, Skye, ile NC500 yote, Edinburgh, York, alafu nyumbani. Mama ana miaka 68 na magoti yanamsumbua kidogo. Tuanzie wapi kubuku? – Baba wa watatu, Leicester*

Marahaba kaka yangu, na mama akifika umfikishie shikamoo yangu. Nimefurahi sana kusoma hii barua maana wengi wakipata mgeni kutoka nyumbani wanaishia kumpeleka madukani tu, sasa wewe unataka mama aione nchi, hilo ni jambo kubwa. Ila mpango wako ntakuomba uupunguze, tena uupunguze sana.

Nimekaa na ramani nikajumlisha, mzunguko wako unapita maili 2,000. NC500, ile njia ya kuzunguka kaskazini mwa Scotland, peke yake ni maili 516, inaanzia Inverness na kurudi hapo hapo, na sehemu kubwa ya upande wa magharibi ni njia nyembamba ya gari moja. Yani kila siku maili 200, na kwa motohomu hizo ni saa sita saba za kuendesha, mama amekaa nyuma na magoti yake amekunja. Sisi mwaka wetu wa kwanza tulifanya hivyo hivyo, watoto wangu ziwa la Windermere waliliona dirishani wakiwa na tambi kwenye bakuli, tukaendelea na safari. Mpaka leo inaniuma. Motohomu ni nyumba, na raha ya nyumba ni kukaa.

Mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi. Cornwall, Wales na Scotland ziwekeni kando, kila moja ina wiki yake. Tokeni Leicester pandeni moja kwa moja mpaka Lake District mlale usiku tatu, alafu mkate kwenda mashariki kwenye ukuta wa Hadrian usiku mmoja, alafu pwani ya Northumberland usiku tatu, mrudi kwa mji wa pwani wa Whitby usiku mbili. Hapo ni usiku tisa siku kumi, na ukitoa siku ya kwenda na ya kurudi hakuna siku mtaendesha zaidi ya saa tatu na kitu. Lake District mama hahitaji kupanda mlima wowote, pale Bowness kuna maboti yanayozunguka ziwa Windermere mpaka Ambleside, anakaa na chai yake anaangalia milima, na ziwa la Ullswater nalo lina maboti yake ya zamani, mimi binafsi nalipenda zaidi hilo kwa sababu lina utulivu. Kitu kimoja tu, ramani ya simu ikikwambia upite njia za milimani za Wrynose na Hardknott USIKUBALI. Hardknott ina mteremko wa moja kwa tatu, yani kila mita tatu unapanda mita moja, kona zimejikunja kama nyoka, motohomu haina kazi kule.

Ukuta wa Hadrian ulianza kujengwa mwaka 122, Warumi waliukatisha nchi kutoka bahari mpaka bahari. Watu hukimbilia ngome ya Housesteads lakini kutoka pakingi mpaka ngomeni ni kupanda kilima, kwa mama mpelekeni Vindolanda, ngome nyingine ya Warumi. Pale walichimbua vibao vyembamba vya mbao vyenye barua za wino, kimojawapo mwanamke anamwalika mke wa kamanda waje kusherehekea siku yake ya kuzaliwa, barua ya miaka kama 1,900 iliyopita! Chenyewe kipo British Museum London ila stori yake utaikuta hapo hapo ilipofukuliwa, na mwanao wa miaka 13 ataipenda.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonifanya nichague njia hii kwa ajili ya mama yako. Kuna kisiwa kinaitwa Lindisfarne, wenyewe wanakiita Holy Island, barabara ya kwenda huko inapita juu ya mchanga wa bahari na mara mbili kwa kila siku maji yakijaa inazama kabisa, kisiwa kinakatika na bara. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezewa bamvua ni nini! Mwacheni mama asimame pale aone maji yakipwa na barabara ikitokea polepole kutoka baharini, nakwambia atawahadithia Raskazone nzima akirudi. Lakini hapo hapo ndio pa kuwa makini, ratiba ya saa salama za kuvuka inatolewa na kaunti ya Northumberland na imebandikwa kabla ya kuingia, ifuateni kwa dakika zake. Kila mwaka kuna watu wanajiona wajanja, gari linaelea wao wanapanda kile kibanda cha mbao kilichojengwa juu ya nguzo katikati ya njia kusubiri kuokolewa. Nendeni mchana mrudi mchana, kulala mlale bara, maeneo ya Bamburgh au Seahouses kuna saiti nyingi, yani viwanja vya kulala na motohomu. Seahouses mtapata boti la kwenda visiwa vya Farne, kwa Agosti ndege wa pafini watakuwa wameshaondoka ila sili wapo wengi wamelala juu ya mawe. Na watoto wakilia Scotland, kutoka hapo mpaka mpakani ni mwendo mfupi, mnapita Berwick mnapiga picha kwenye kibao mnarudi.

Mambo ya gari lenyewe sasa, soma taratibu. Nyinyi ni watu sita. Gari likiandikwa vitanda sita haina maana lina mikanda sita, kuna yenye vitanda sita na viti vinne tu vyenye mkanda, na mwendoni kila mtu lazima awe kitini na mkanda, hakuna kulala kitandani gari likitembea. Uliza mikanda mingapi kabla hujalipa hata senti. Mtoto anahitaji kiti chake cha mtoto mpaka afike miaka 12 au sentimita 135, chochote kitakachotangulia, kwahiyo uliza pia vile viti vinakubali kiti cha mtoto.

Alafu uzito. Kama leseni yako ya hapa umeipata baada ya 1996 basi ni daraja B la kawaida, mwisho tani 3.5 gari na vyote vilivyomo. Piga hesabu, watu wazima watatu wa kilo 75 ni 225, watoto watatu wa kilo 35 ni 105, tangi la maji la lita 100 ni kilo 100 nyingine, tayari 430 na hamjaweka begi hata moja. Sasa kama gari limebakiza nafasi ya kilo 400 umeshapitiliza na polisi wakikupima ni faini na bima inaweza kukugomea. Kwahiyo uliza nafasi ya uzito iliyobaki, tembea na maji kidogo ujaze ukifika saiti, na ule mfuko mkubwa wa sembe kilo 25 uache nyumbani, beba wa kilo tano.

Andika urefu wa gari kwenda juu kwenye karatasi ubandike mbele ya usukani, kwa futi na kwa mita, maana mengi yanakaribia mita tatu na pakingi nyingi za fukwe zina bomba la chuma juu linalozuia gari refu. Na spidi, kama gari tupu linazidi tani 3.05 basi njia za kawaida za nje ya mji mwisho wako ni maili 50 kwa saa, sio 60, na barabara pacha (dual carriageway) ni 60. Wengi hawajui hili.

Kwenye saiti kodi nafasi yenye umeme kwa ajili ya mama. Umeme wenyewe ni ampia 10 au 16, birika la nyumbani la wati 3,000 linakula ampia 13, ukiliwasha kwenye saiti ya 10 mnabaki gizani, chemsheni chai kwa gesi. Mama mpeni kitanda cha chini, kile cha juu ya dereva ni cha watoto. Mletee blanketi zito na soksi, Agosti ya Northumberland usiku sio Agosti ya Tanga. Kumwaga choo ni kazi yako baba, kila saiti ina sehemu yake maalumu, kila asubuhi dakika tano imeisha.

Na hili nakuomba kama dada yako. Najua mtataka nyama choma. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari kamwe, hata kama makaa yanaonekana yamekufa, hata mvua inyeshe. Makaa yanatoa gesi ya sumu (carbon monoxide) isiyo na harufu wala rangi, inaua watu wakiwa usingizini. Hakikisha kifaa cha kugundua hiyo gesi kipo ndani na kinafanya kazi, bonyeza kitufe chake mwenyewe siku unakabidhiwa gari.

*Dada mambo, tuko vijana wanne Milton Keynes tunataka kwenda NC500 mwezi wa sita na kampavani, ile motohomu ndogo. Jamaa ametuambia Scotland unalala popote bure, sheria inaruhusu. Kweli? – Mtafutaji, Milton Keynes*

Jamaa yenu kachanganya. Sheria ya ardhi ya Scotland ya 2003 inampa haki mtu anayetembea kwa miguu au baiskeli na hema lake, gari halimo. Ukitaka kulala na gari unahitaji ruhusa ya mwenye eneo, na kandokando ya Loch Lomond kuna sehemu ambazo kuanzia Machi mpaka mwisho wa Septemba lazima kibali. Wenyeji wa kule juu wamechoka, vijiji vidogo, njia nyembamba, wageni wanalala kwenye vituo vya kupishana na kumwaga vyoo pembeni, jamani hiyo ni nyumba ya watu. Tumieni saiti, au muulize mwenye baa kama mkila kwake mnaweza kulala pakingi yake, wapo wanaokubali. Njia rahisi ni kujiunga na Caravan and Motorhome Club au Camping and Caravanning Club, zote za zaidi ya miaka mia, wanachama wanapata saiti ndogo za magari matano tu kwenye mashamba ya watu, bei poa na kimya.

Zile nafasi za kupishana zina adabu yake. Ikiwa kushoto kwako unaingia, ikiwa kulia unasimama upande wako mwenzio aingie, na ukiona gari limekufuata nyuma muda mrefu mpishe, huyo labda anawahi kazini. Msipaki humo kupiga picha. Jazeni dizeli kila mkipata stesheni, msingoje taa iwake. Na beba dawa ya visubi, Juni ndio wanaanza kupamba moto, jioni isiyo na upepo watawauma sana, paki sehemu yenye upepo.

*Hujambo dada, mimi na bibi yangu tunatoka Nairobi kuja fungate. Leseni ya Kenya itakubalika? Na tungependa kupita Applecross, kile kijiji cha Scotland, tumeona video. – Bwana harusi, Nairobi*

Sijambo, na hongereni sana. Leseni kamili ya Kenya inakubalika kwa mgeni mpaka miezi 12, gari lisizidi tani 3.5, na mnaendesha kushoto kama nyumbani, kipilefti ni zile zile, anayetoka kulia ana haki. Ila mkodishaji ana masharti yake ya umri na miaka ya leseni, aandike kwenye barua pepe kwamba amekubali yako. Applecross nendeni, lakini sio kwa njia ya mlimani ya Bealach na Bà, ile inapanda mita 626 kwa kona kali na kibao mwanzoni kinashauri magari makubwa sana na karavani zisipite. Zungukeni kwa njia ya pwani kutoka Shieldaig, ndefu zaidi na nzuri vile vile.

*Asalaam alaykum dada, tunaenda Highlands mwezi wa sita, nyama ya halali tutapata? Na Isha itakuwa saa ngapi? – Mama wa Mombasa, Birmingham*

Waalaykum salaam mama. Nyama nunua Birmingham au Glasgow ukiwa njiani, igandishe, ukishavuka Glasgow butcha wa halali ni wa kutafuta, samaki lakini wapo kila bandari na ni wabichi kweli. Juni pale Inverness jua linazama kama saa nne na robo usiku na kuchomoza saa kumi na robo alfajiri, giza lenyewe halikamiliki, kwahiyo Isha inakwenda kwa makadirio. Msikiti upo Inverness, chukua ratiba yao uifuate, na shehe wako akuelekeze kuhusu swala za safari kabla hujaondoka. Nunua na pazia nene la madirisha, kampavani nyingi lile lililomo halizuii mwanga na hamtalala.