Sura nzima hairudiwi kwa kosa moja

Umeuliza kama ukikosea kusoma mahali pamoja lazima urekodi sura yote upya. Hapana mkuu, hurudii yote. Kule LibriVox, ambako watu wa kujitolea husoma vitabu kwa sauti na kuviweka mtandaoni bure, anayekagua rekodi yako anakuandikia dakika na sekunde ya kosa, wewe unarekodi sentensi hiyo tu na kuibandika. Isome kutoka nukta hadi nukta; ukikata katikati ya sentensi kiungo kitasikika.

Kinachosumbua zaidi ni sauti kutofanana. Sura umeirekodi saa nne usiku, kiraka unakirekodi saa nane mchana feni inazunguka na bajaji zinapita, msikilizaji atakijua palepale. Rudi saa ileile, chumba kilekile, maiki umbali uleule. Anza na sentensi mbili za kabla yake ili sauti ishike mwendo, kisha uzitupe.

Bandika kwenye WAV (faili la sauti lisilobanwa) au mradi wenyewe wa Audacity (programu ya kurekodi na kuhariri sauti), si kwenye MP3, maana MP3 kila ukiihifadhi upya inapoteza ubora (wengi wanaharibu hapa). Mwisho kabisa ndiyo unatoa MP3: kbps 128, kHz 44.1, mono, sauti kwenye desibeli 89 hivi, na ukimya wa sekunde 5 mwishoni.

Ila si kila kosa linarudishwa. Kwa ukaguzi wa kawaida, "hii" ukiisoma "hiyo" na maana haijaguswa, inapita. Hurudishwa sentensi iliyorukwa au kusomwa mara mbili, na kelele. Baadhi ya miradi ya vitabu hutaka neno kwa neno, kwa hiyo soma maelezo ya mratibu kwanza.