Kuunganisha modela ya gitaa na kompyuta

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini modela yako, yaani kifaa cha kidijitali kinachoiga sauti ya amplifaya za gitaa, inakwaruza masikio ukiiunganisha na kompyuta, ilhali kwenye amplifaya ya gitaa inapendeza. Bila shaka uigaji wa kabineti, yaani sehemu ya modela inayoiga kasha la spika ya gitaa, umezimwa: spika ya gitaa yenyewe hupunguza sana sauti nyembamba, zenye masafa yanayozidi kilohazi 5 hivi, lakini hedifoni na spika za studio hazifanyi hivyo, kwa hiyo unapozitumia, au unaporekodi, ni lazima uuwashe. Kwa kuwa unaishi Mji wa Kale, ambako nyumba zimebanana, hedifoni zitawastahi majirani usiku. Kurekodi, tumia waya wa USB, wala si tundu la maikrofoni. Na kama modela inaruhusu, rekodi pia kando sauti ghafi ya gitaa, ambayo modela haijaibadilisha, upate kubadilisha toni baadaye bila kupiga upya.