Mwalimu wa Kihispania Ana Wajibu Gani Shuleni?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeajiriwa kufundisha Kihispania katika shule ya sekondari ambako somo hili linaanzishwa mwaka huu. Mkuu wa shule amenikabidhi kitabu cha kiada, ratiba ya vipindi vinne kwa wiki, na agizo kwamba nikimalize kitabu hicho kabla ya mtihani wa mwisho wa mwaka. Hapa hakuna mwalimu mwingine anayeijua lugha hii. Je, wajibu wangu unaishia hapo?
Mwalimu mgeni

JIBU: Ndugu Mwalimu, hongera kwa kazi. Wajibu wako hauishii hapo, na sababu umeitaja mwenyewe: uko peke yako. Mwalimu wa hisabati akikosea ubaoni, mwenzake atamsahihisha, au mzazi ataligundua kosa katika daftari la mwanawe. Wewe ukikosea, kosa litanakiliwa na darasa zima, litarudi kwako katika karatasi za mtihani, nawe utalipa alama ya vema. Mkuu wa shule anaweza kuhesabu vipindi ulivyoingia na kurasa ulizomaliza, lakini hawezi kujua kama ulichofundisha ni sahihi. Ndiyo maana naona kwamba wajibu wako wa kwanza ni kuwa mkaguzi wa Kihispania chako mwenyewe. Kisikilize kila siku kutoka kwa wazungumzaji wake, na usiingie darasani na neno unalolitilia shaka. Kamusi ya Real Academia Española, taasisi ya lugha ya Kihispania iliyoanzishwa mwaka 1713, inapatikana bure katika intaneti. Ukitaka kujipima, fanya DELE, mtihani wa cheti cha Kihispania unaosimamiwa na Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya kueneza lugha hiyo; una ngazi sita, kuanzia A1 ya wanaoanza hadi C2 ya waliobobea.

Ngazi hizo zinatokana na mwongozo wa lugha uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, nao utakusaidia katika azimio la kazi. Mwongozo huo hauulizi mwanafunzi amefika ukurasa gani. Unauliza anaweza kufanya nini kwa lugha. Kwa hiyo, badala ya kuandika kwamba wiki ya tano ni sura ya tatu, andika kwamba kufikia wiki ya tano kila mwanafunzi ataweza kujitambulisha, kumuuliza mwenzake anakoishi na kulielewa jibu. Kitabu kitafuata nyuma ya lengo hilo.

Hapo utakutana na ugumu wa muda. Tuseme una wanafunzi 40 na kila kipindi ni cha dakika 40: kwa wiki una dakika 160. Ukizungumza wewe nusu ya muda huo na kuwaita wanafunzi mmoja mmoja, kila mmoja atazungumza kwa dakika mbili tu kwa wiki nzima, na hakuna aliyewahi kuijua lugha kwa dakika mbili. Wagawe wawili wawili, wazungumze kwa wakati mmoja, nawe upite katikati yao ukisikiliza. Darasa litakuwa na kelele. Mweleze mkuu wa shule mapema kwamba hiyo ndiyo sauti ya somo lenyewe.

Ni wajibu wako pia kujua wanafunzi wanaojua Kiswahili wanaanzia wapi. Irabu tano za Kihispania wanazo tayari, lakini mkazo utawapotosha, kwa kuwa wamezoea kuuweka karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kihispania mkazo hubeba maana: «hablo» ni nazungumza, «habló» ni alizungumza, na alama hiyo ndogo imebadilisha nafsi na wakati kwa pamoja. Jinsia ya nomino huwatisha wengi bila sababu. Mwanafunzi anayejua kwamba tunasema «kijana mrefu» na si «kijana kirefu» ameshaelewa kwamba umbo la neno si lazima litawale upatanisho. Hatashangaa kwamba «problema» (tatizo) huishia kwa -a, mwisho wa kawaida wa nomino za kike, na bado ni la kiume. Penye «ser» na «estar», vitenzi viwili vyenye maana ya «kuwa», tumia subira zaidi, kwa maana «es aburrido» ni mtu anayechosha, ilhali «está aburrido» ni mtu aliyechoshwa.

Kusahihisha madaftari, kutunza kumbukumbu za alama na kuhudhuria vikao vya wazazi ni kazi ya kila mwalimu. Nitaongeza jambo moja tu: mtihani wako usiwe wa maandishi pekee. Wanafunzi husoma kile kinachopewa alama, na kuzungumza kusipopewa alama watakuacha uzungumze peke yako.

SWALI: Mwanangu anafundishwa kwamba «ninyi» ni «ustedes», lakini binamu yake katika shule nyingine anafundishwa «vosotros». Mwalimu yupi anakosea?
Mzazi

JIBU: Hakuna anayekosea. Kihispania ni lugha ya serikali katika nchi 20, ikiwemo Guinea ya Ikweta hapa Afrika, na wazungumzaji wake wengi wako Amerika. «Vosotros» hutumika Hispania wakati wa kuzungumza na watu wa karibu. Amerika ya Kilatini husema «ustedes» kwa wote, na Argentina na Uruguay husema «vos» mahali pa «tú», yaani «wewe». Wajibu wa mwalimu ni kuchagua mtindo mmoja, kuushikilia ili wanaoanza wasichanganyikiwe, na kuwafahamisha kwamba mingine ipo. Asichoruhusiwa ni kuukata mtindo mwingine kwa wino mwekundu. Mwanao akikatwa alama kwa sababu ya «vosotros», nenda na daftari lake ukazungumze na mwalimu kwa upole.