Bwawa limekuwa kijani: nimwage mrututu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina bwawa la perege hapa Rungwe, mita 20 kwa 10, kina chake kama mita moja. Naweka samadi ya kuku na kuwalisha pumba za mahindi. Sasa maji yamekuwa kijani kibichi, na alfajiri samaki wanapanda juu wanahema. Muuza pembejeo ameniambia nimwage nusu kilo ya mrututu, maji yatakuwa meupe baada ya siku tatu. Jirani yangu anasema nipande gugumaji lichuje uchafu. Nimsikilize nani? (Mfugaji, Tukuyu)

JIBU: Marahaba. Usimsikilize hata mmoja. Kama mrututu, yaani ile chumvi ya shaba ya kuua ukungu, umeshaununua, upeleke kwenye kahawa.

Twende kwenye hesabu, maana muuzaji wako hakuipiga. Bwawa lako lina mita za ujazo 200. Nusu kilo humo ni miligramu 2.5 za mrututu kwa kila lita. Kipimo kinachovumilika kwa samaki hutegemea alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili tindikali: chukua alkaliniti, gawa kwa 100. Maji ya vijito vingi vya milimani huku Nyanda za Juu Kusini ni laini. Tuseme yako yana alkaliniti ya miligramu 20 kwa lita. Kikomo chake ni miligramu 0.2, sawa na gramu 40 kwa bwawa zima. Umeambiwa uweke gramu 500. Na ukweli ni kwamba alkaliniti ikiwa chini ya 50 hatuugusi mrututu kabisa, kwa sababu katika maji laini shaba huwa kali mno na huharibu mashavu ya samaki. Je, kuna mtu aliyekupimia maji kabla ya kukuuzia? Najua jibu.

Lakini kinachonikera zaidi ya mrututu ni imani iliyoko nyuma yake, kwamba maji meupe ndiyo masafi na ya kijani ni machafu. Kila msimu naulizwa hili. Rangi hiyo ni mwani, mimea midogo isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho, na ndiyo chakula cha perege. Samadi unayoweka kazi yake ni kuukuza huo mwani, sasa unatafuta dawa ya kuua ulichokipanda mwenyewe! Ziwa Nyasa lina maji maangavu kwa kuwa rutuba ni haba katika tabaka lake la juu. Ukitaka bwawa la mita 200 za mraba liwe hivyo, ujiandae kununua chakula cha samaki chote dukani.

Tatizo lako ni kwamba mwani umezidi. Mchana, kukiwa na jua, unatoa oksijeni. Usiku nao unapumua, pamoja na samaki, pamoja na samadi inayooza chini, na kufikia alfajiri oksijeni imekaribia kwisha. Ndiyo maana unawaona wanahema saa 11 na saa 4 asubuhi wametulia. Huko Rungwe mawingu na manyunyu yakikaa siku tatu nne mfululizo, hali huwa mbaya zaidi. Sasa fikiria umeua mwani wote kwa siku moja: wa kutoa oksijeni hayupo, na mzoga wake wote unaoza ukila ile iliyobaki. Maji yatakuwa meupe kweli, na samaki watakuwa wanaelea.

Fanya hivi. Acha samadi leo, na chakula punguza mpaka samaki waache kuhema. Fungulia maji ya mfereji yaanguke kutoka juu, yapige uso wa bwawa, hasa usiku wa manane kuelekea alfajiri. Huku unatoa maji ya chini, siyo ya juu, kwa sababu ya chini ndiyo yamechoka. Kila baada ya siku mbili tumbukiza mkono wima: kiganja kikipotea maji yakifika kwenye kiwiko, mwani unatosha. Kikipotea kabla ya hapo, endelea kubadilisha maji. Kikionekana vizuri hata maji yakipita kiwiko, rudisha samadi kidogo kidogo. Kama ni ule mwani wa nyuzi unaotanda kama utelezi, chota kwa reki, upeleke kwenye mboji.

Kuna aina moja ya kuogopa. Ukiona utando wa kijani-buluu umekusanyika upande upepo unakoelekea, mzito kama rangi ya mafuta iliyomwagika, ng'ombe wasinywe hapo na watoto wasioge. Aina nyingine za mwani huo zina sumu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Hapo ndipo mrututu unapokuwa hatari maradufu: ukizipasua seli zake kwa mpigo, sumu iliyokuwa ndani inaachiwa yote majini.

Wengine nao, msijione mmepona kwa kuwa mabwawa yenu hayajawa kijani. Maji ya mabwawa ya Rungwe yanarudi mferejini, mfereji unaingia Kiwira au Mbaka, na huko chini Kyela watu wanachota. Shaba haiozi. Inatulia kwenye tope na kuongezeka kila mnapomwaga, na tope hilohilo mnalizoa kwenda kulirutubisha shamba la mboga. Unga wowote usio na lebo, hata ukipewa bure, usiingie bwawani.

Na gugumaji? Asili yake ni Amerika Kusini, na watu waliliona ua zuri la zambarau. Wavuvi wa Ziwa Victoria walianza kuliona miaka ya mwisho ya 1980, na katikati ya miaka ya 1990 mitumbwi ilikuwa inakwama ufukweni. Haliwezi kukusaidia: likitanda linazuia mwanga, na chini yake oksijeni inapungua zaidi ya ilivyo sasa. Jirani yako kama analo, mwambie aling'oe kabla halijatoa maua, alianike mbali na mfereji mpaka likauke kabisa, ndipo alichome. Likishadondosha mbegu, hukaa topeni miaka na miaka zikisubiri, na mvua moja kubwa ya masika inatosha kuzifikisha Ziwa Nyasa.