Ufunguo ya kabati iko na nani?

Hii juma mumeuliza: "Serikali inatoa feza ya kutosha kwa vitabu na vyombo vya masomo, ao hapana?" Nilisoma hiyo swali kwa telefone asubui, ndani ya taksi-bisi nikitoka Katuba, na siku nzima sikuweza kuiachilia. Jibu ya haraka ni hapana, haitoshi, kila muzazi wa Lubumbashi anajua. Katiba ya Kongo ya 2006 inasema masomo ya primeri ya serikali ni bure, tukangojea mupaka mwezi wa 9 mwaka 2019 njo ikaanza kweli, batoto bakajaa kwa kalasi, Banki ya Dunia ikakubali miliyoni 800 za dola mwaka 2020 kwa kusaidia hiyo masomo ya bure, na mabishano yote ikawa juu ya mishahara ya balimu. Ni haki yao. Lakini kitabu haikuzungumziwa sana.

Mi nataka kuuliza ingine: vile vitabu vyenye vilishafika, ufunguo iko na nani?

Nilikuwa kalasi ya tano, na nilikuwa shefu wa kalasi. Kila asubui nilienda kwa biro ya direkta kuomba chaki. Siku moja nikakuta kabati wazi: vitabu vya Kifaransa vimepangwa mupaka juu, bado ndani ya nailoni, na kwa jalada baliandika kwamba haviuzwi. Shiye tulikuwa na kitabu moja tu, ya mwalimu. Alikuwa anaandika somo kwa ubao, shiye batoto makumi sita tunakopia kwa kaye, na benye kukaa nyuma balikopia makosa ya benye kukaa mbele.

Kisha inspekta akakuja. Ile siku vitabu vikatoka, kimoja kwa batoto wawili, vilinuka gundi, na kurasa zingine zilikuwa zingali zimeshikana. Ya kwetu ilikuwa na picha ya muvuvi ndani ya mutumbwi, maji inapanda, na nilikuwa nataka kujua kama atafika ngambo. Inspekta akaenda, direkta akapita anakusanya anahesabu, na mi nikaingiza kitabu chini ya triko.

Usiku umeme haikukuwako. Nilisoma na mushumaa, na mama, mwenye hakusoma Kifaransa, alikuwa anashika kitabu karibu na moto anaangalia picha, ananiambia "sema, kisha?", na mi ninamuelezea kwa Kiswahili. Muvuvi alifika.

Kesho yake nikairudisha mwenyewe. Direkta akaita mama, akamulipisha kwa sababu kona moja ilikunjika. Mama alikuwa anauza makala ya kupikia kwa mafungu, akatoa feza ya siku tatu, hakubisha. Kitabu ikarudi kwa kabati.

Nilimuchukia ule direkta miaka mingi. Lakini sasa vile ninaandika, ninaona kwamba yeye njo alisaini karatasi ya vile vitabu, kimoja kikipotea wataulizia yeye, na paa ya masomo ilikuwa inavuja kila mvula. Tena hata leo kwa soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, utauziwa karanga ndani ya ukurasa ya kitabu ya masomo, kwa hiyo hofu yake haikukuwa ya bure.

Basi nilianza kusema feza ni kidogo, na ni kidogo kweli, lakini kama munanilazimisha kuchagua nitasema serikali isinunue kitabu ingine mupaka iandike wazi kwamba vitabu vinaenda nyumbani na batoto, na kwamba hakuna direkta wala muzazi mwenye atalipa kikichakaa. Kitabu yenye kuchakaa ilisomwa. Pengine ninakosa kwa upande ya masomo ya vijiji, kule hata kabati hakuna, hao banunuliwe vitabu tu, bila masharti.

Mutoto wangu iko kalasi ya nne. Jana nilifungua kartabo yake: kaye tatu, biki, na somo yenye alikopia kwa ubao. Sentensi ya mwisho ilikatika katikati, akaniambia kengele ililia.